Sitaliombea Kontena la Brandi

Neno la leo ni refu kuliko mlivyozoea. Kama uko kwenye matatu lisome polepole, na kama uko kazini ngoja saa ya chakula. Wengine mtakasirika. Kasirika, lakini umalize kusoma.

Swali limenifikia, tena si mara moja: "Pasta, biashara ina leseni. Ushuru umelipwa. Hakuna magendo, hakuna hongo. Dhambi iko wapi?" Biashara yenyewe ni kuleta brandi kutoka Afrika Kusini na kuiuza kwa jumla hapa Kenya. Anayeuliza ni ndugu wa kanisa letu, mtu wa maombi, mtoaji, na ameniruhusu kuandika mradi nisimtaje jina. Ombi lake lilikuwa sisi wachungaji twende godauni siku kontena la kwanza litakapofunguliwa, tupake milango mafuta na kuiweka kazi mikononi mwa Bwana. Nimemjibu ana kwa ana. Nawaambia na ninyi kwa sababu najua hayuko peke yake kwenye hii njia, wala kanisa letu si la kwanza kuletewa ombi kama hili. Sitaliombea hilo kontena.

Nimpe kwanza haki yake. Karatasi nimeziona. Mzigo unakaguliwa kule kule Cape kabla haujapakiwa melini, na cheti cha kuonyesha umetimiza viwango vya KEBS kinatolewa. Kuna fomu ya kuagiza bidhaa, kuna kibali cha NACADA, kuna leseni ya ushuru ya KRA, kuna stempu ya kubandikwa kila chupa ambayo ukiielekezea simu inakuambia kama ni halali au ni ya bandia. Wale watakaonunua kwake wanahitaji leseni ya kaunti. Sheria ya ushuru iliyopitishwa Desemba 2024 inatoza pombe kali shilingi 10 kwa kila sentilita ya kileo safi. Piga hesabu: mzinga wa mililita 750 wenye nguvu ya asilimia 40 una sentilita 30 za kileo safi, kwa hivyo shilingi 300 zinakwenda serikalini kabla hata hujagusa VAT ya asilimia 16 na ada za bandarini. Ndugu yetu analipa yote. Wako watu wa Mungu wanaouza simiti na mchele na hawajawahi kulipa ushuru kamili hata mwezi mmoja, na hao nao tutawafikia siku yao.

Kwa hivyo sisemi yeye ni mhalifu. Ninasema leseni inajibu swali la serikali, na serikali haijawahi kuuliza swali ambalo Mungu anauliza.

Tuangalie hiyo sheria jinsi ilivyotembea. Mwaka 1980 nchi hii ilipitisha sheria ya kupiga chang'aa marufuku. Kwa miaka 30 mama aliyekutwa na mtungi alikuwa mhalifu, na makanisa yalisema amina kwa sauti kubwa. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Kudhibiti Vileo, ile mliyozoea kuiita sheria ya Mututho, ikafuta ile ya zamani na kusema chang'aa sasa ni halali mradi itengenezwe kwa viwango na kuwekwa kwenye chupa. Mwaka 2025 sera mpya ya taifa ikapendekeza umri wa kunywa upande kutoka miaka 18 hadi 21. Sizikejeli sheria hizi. Nyingine nimeziombea zipite. Lakini unaona zinavyosogea. Kama dhamiri yako imefungwa kwenye gazeti rasmi la serikali, basi itabidi uangalie kila mwaka kama bado wewe ni mwenye haki.

Sasa niguse mahali panapouma, na hapa nasema na makanisa, si na ndugu yetu tu.

Brandi ni nini? Ni mvinyo wa zabibu uliotiwa kwenye chombo cha shaba, ukachemshwa, mvuke ukapita kwenye bomba, ukapozwa, na yale matone yakakingwa. Jina lenyewe limetoka kwa Waholanzi, na maana yake ni mvinyo uliochomwa. Chang'aa ni nini? Ni busaa au molasi iliyotiwa kwenye pipa, ikachemshwa, mvuke ukapozwa kwa maji ya mto, na yale matone yakakingwa. Tofauti ni zabibu, ni shaba safi, ni mapipa ya mwaloni ambamo sheria ya Afrika Kusini inataka brandi ya chungu ikae si chini ya miaka mitatu. Tofauti ni lebo yenye rangi ya dhahabu. Kazi inayofanywa na moto ni ile ile, na kazi inayofanywa ndani ya ini la binadamu ni ile ile.

Lakini angalia tunavyofanya. Mama wa chang'aa akiokoka, jambo la kwanza tunamwambia amwage. Tunaenda na kwaya na kamera, tunapiga mateke yale mapipa, tunaimba, na picha tunaziweka hapa hapa mzione. Hatumuulizi atalipa karo na nini. Tunamwambia Bwana atafungua mlango mwingine. Halafu anakuja mtu wa kontena, suti safi, gari safi, na huyo tunamtafutia kiti mbele, tunamwita mshirika wa maono. Yakobo sura ya pili inazungumza juu ya kiti cha tajiri na mahali pa kusimama pa maskini, na sikumbuki kama aliwaachia nafasi waagizaji wa brandi. Kama mapipa ya mama yalimwagwa, ninyi wazee wa makanisa mnieleze ni andiko gani linalolinda godauni.

Nasikia mtu anasema, "Pasta, usilinganishe. Chang'aa inaua." Kweli inaua. Novemba 2000 watu zaidi ya 130 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli, na wengine wakabaki vipofu. Februari 2024 Kirinyaga ilizika watu 17. Na kwa sababu ya mambo kama haya nawaheshimu sana wale wanaokagua. Kama wewe ni mkristo unafanya kazi KEBS au maabara ya serikali na unazuia sumu isifike kwa watu, unafanya kazi ya Mungu, shika hapo hapo. Lakini hiyo ni kazi ya anayezuia. Ndugu yetu anataka kuwa anayeleta. Kusema "yangu haina methanoli" ni sawa na kusema mtu wangu atakufa polepole na kwa stempu halali. Shirika la Utafiti wa Saratani la Umoja wa Mataifa liliweka vileo kwenye kundi la visababishi vya saratani tangu 1988. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likasema waziwazi kwamba hakuna kiwango cha kunywa kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Wanaosema hivyo ni madaktari, si sisi wa kukemea mapepo.

Na sheria yenyewe inajua. Sheria ya 2010 inadai onyo la afya lichapishwe kwenye kila chupa, lichukue angalau asilimia 30 ya eneo lake. Mwagizaji analipia wino wa kuandika kwamba anachouza kinadhuru. Mpendwa, nimeweka wakfu posho mill, nimeweka wakfu saluni, matatu, na hata banda la kuku. Ni bidhaa gani nyingine ungeniletea niwekee mikono hali umeandika juu yake mwenyewe kwamba inaharibu watu?

Sheria hiyo pia ilikataza pombe kwenye vile vipakiti vidogo, ikasema chombo kisipungue mililita 250. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni ile robo. Nenda kwenye duka lolote la pombe kali mtaani, yale yenye waya dirishani na tundu la kupitisha mkono, uangalie ni chupa gani inatoka. Ni robo. Inaingia mfuko wa koti, inaingia chini ya kiti cha bodaboda. Mwagizaji wa jumla hapati faida kutoka kwa mama anayenunua chupa moja Desemba ya kutia kwenye keki. Ukishalipa shilingi 300 za ushuru kwa mzinga, faida yako ni nyembamba, kwa hivyo lazima chupa ziende nyingi na zirudi haraka. Na anayerudi haraka ni nani? Ni yule asiyeweza tena kukaa bila. Biashara hii ikitegemea wanywaji wenye kiasi itafungwa, na ndugu yetu anajua kwa sababu amefanya hesabu zake vizuri.

Habakuki 2:15. Lisome mwenyewe leo, polepole. Utaona kwamba ole pale haimwendei mlevi. Inamwendea anayempa jirani kinywaji. Tumehubiri juu ya mlevi miaka mingi kwa sababu mlevi hana cha kutoa, na yule anayempa tumemruka.

"Lakini Yesu alitengeneza divai Kana. Lakini Paulo alimwambia Timotheo atumie kidogo kwa ajili ya tumbo." Haya nimeyasoma, nimefundishwa chuoni, na siwezi kuyafuta kwenye Biblia ili hoja yangu ipate nguvu. Divai ilikuwapo. Lakini hakuna mtu katika Kana aliyekunywa kitu cha asilimia 40. Vinywaji vikali vya kukinga mvuke vilikuja karne nyingi baadaye. Na hata ukitaka kubishana juu ya kikombe chako mwenyewe, bishana, Warumi 14 imekupa nafasi. Hapa hatuzungumzi juu ya kikombe chako. Tunazungumza juu ya vikombe elfu vya watu ambao hutawajua majina, na Warumi 14 hiyo hiyo, mstari wa 21, inazungumza juu ya kumkwaza ndugu.

Nataka niwasimulie habari ya mtu mmoja, kwa sababu wengi wetu tunadhani jambo hili ni jipya.

Karne ya kumi na tisa brandi ya Cape ilikuwa ikipanda kaskazini kwa magari ya ng'ombe. Ya bei rahisi wenyewe waliiita Cape Smoke, moshi wa Cape. Wafanyabiashara waliiuza kwa wachimba almasi na kwa kila mfalme wa Kiafrika aliyeruhusu. Katika nchi tunayoiita leo Botswana kulikuwa na mfalme wa Bangwato, Khama wa Tatu, aliyebatizwa akiwa kijana mwaka 1860. Alipotawala alikataza pombe kali isiingie nchini mwake. Wazungu waliokuwa na maduka Shoshong walipovunja amri na kulewa, aliwafukuza. Fikiria: mfalme Mwafrika anawafukuza wafanyabiashara wa Kizungu kwa ajili ya pombe, miaka ile.

Mwaka 1895 Cecil Rhodes alitaka kampuni yake ikabidhiwe nchi hiyo. Khama na wafalme wenzake wawili, Sebele na Bathoen, wakapanda meli mpaka Uingereza, na mmisionari Willoughby akiwa mkalimani wao. Waziri wa makoloni, Joseph Chamberlain, mwanzoni aliwaambia waelewane na kampuni. Wakaenda kanisa kwa kanisa, mji kwa mji, wakiwaeleza Waingereza wa kawaida kwamba wakikabidhiwa kwa kampuni, brandi itaingia na watu wao watakwisha. Makanisa yakapaza sauti. Novemba mwaka huo Chamberlain akakubali: watabaki chini ya Malkia, na pombe kali ya Wazungu haitaletwa kuuzwa katika nchi zao. Bei yake walitoa kipande cha ardhi cha kupitisha reli. Waliona ardhi ya reli ni bei nafuu kuliko kufungulia brandi mlango.

Sitamfanya Khama malaika. Alikuwa mkali, alitaka kukataza hata pombe ya nafaka ya watu wake mwenyewe, na jambo hilo lilimletea ugomvi ambao hakuumaliza. Lakini kumbuka alichokizuia ni nini na kilitoka wapi. Ni kinywaji kile kile kutoka nchi ile ile. Wakati ule mwafrika mkristo alisimama mpakani kukizuia. Sasa mwafrika mkristo yuko Mombasa anakisubiri, anauliza kama mchungaji yuko huru Jumamosi.

Na wale wakubwa wa Ulaya nao walijaribu. Mwaka 1890 kule Brussels, kwenye mkataba wa kupinga biashara ya utumwa, waliweka vifungu juu ya pombe kali kwa sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini, na sisi tumo humo. Mahali ambapo pombe kali haijazoeleka, izuiwe. Mahali ambapo imeshafika, itozwe ushuru, angalau faranga 15 kwa hektolita. Kufika 1906 kiwango kilikuwa kimepanda hadi faranga 100. Na unajua kilichotokea? Kule Afrika Magharibi serikali za kikoloni zikaanza kuendesha bajeti kwa ushuru wa jini na ramu. Aliyewekwa kulinda lango akawa anakula langoni. Ndiyo maana mtu akiniambia "lakini tunalipa ushuru mwingi, tunajenga nchi", huwa sitikisiki. Hoja hiyo ina umri mkubwa kuliko Kenya.

Kuna jambo la upande wa pili wa bahari pia. Brandi ya Cape inatoka mashamba ya zabibu ya sehemu kama Worcester na Robertson. Kwa vizazi vingi wafanyakazi wa mashamba ya huko, watu weusi na machotara, walilipwa sehemu ya mshahara kwa mvinyo, kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Waliuita mfumo wa dop. Sheria ikaupiga marufuku, lakini ulichukua miaka mingi kufa. Leo Western Cape ni miongoni mwa sehemu za dunia zilizopimwa na kukutwa na kiwango cha juu kabisa cha watoto waliozaliwa na madhara ya pombe aliyokunywa mama: kichwa kidogo, masomo hayaingii, na hakuna dawa ya kumrudisha. Hii ndiyo historia iliyo ndani ya lile kontena, hata kama cheti cha ukaguzi hakina mahali pa kuiandika.

Sasa habari ya paa. Wengi mnajua ukuta wa hekalu jipya umefika kwenye linta na tumesimama hapo tangu mwaka jana. Ndugu yetu aliahidi mabati yote, na mbao. Mabati yote, wapendwa. Nimekaa na wazee wa kanisa na tumekubaliana kwamba ahadi ile hatutaipokea kutoka kwenye mauzo hayo. Mzee mmoja aliuliza swali zuri: hela zinajuaje zilikotoka? Hela hazijui. Lakini hata wale makuhani waliomnunua Bwana, Yuda alipozirudisha fedha, walikataa kuziingiza hazina kwa sababu zilikuwa bei ya damu. Mathayo 27:6. Makuhani wale! Sisi tuliookoka tusizidiwe na wao. Msimu huu wa mvua tutaabudu chini ya turubai tena, na akina mama watabeba watoto kwenye matope. Najua inawagharimu ninyi kuliko mimi, kwa sababu mimi nasimama jukwaani.

Kwa ndugu yangu, na kwa wengine mlio kwenye mnyororo huu, mwagizaji, dereva wa lori, msichana wa kaunta, mwenye jengo anayepokea kodi: siwafukuzi. Mkono wangu haujafungwa kwenu. Siwaweki kwenye mizani moja pia. Msichana wa kaunta anayelipwa kwa siku na ana mtoto hawezi kuambiwa kitu kile kile na mwenye kontena. Yeye tutamtafutia kazi kwanza, ndipo tuzungumze. Mwenye kontena ana mtaji, ana wakala wa forodha, anajua kuagiza mzigo na kuupitisha bandarini bila kuhonga mtu. Huo ni ujuzi ambao nchi nzima inautafuta. Anaweza kuleta pampu za maji, vipuri, mashine za kukamua alizeti.

Kuhusu mzigo ambao umeshalipiwa na uko njiani, nimeulizwa kama anaweza kuuza huu mmoja tu, arudishe mkopo wa Sacco, kisha aache. Soma Matendo 19:19. Wale wa Efeso waliookoka kutoka uchawi walikuwa na vitabu vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Wanunuzi walikuwapo tele mjini. Walivichoma. Sisemi hivi kwa wepesi, najua nyumba yake imewekwa rehani kwa mkopo huo. Kwa hivyo tumefungua mazungumzo na Sacco juu ya kuongeza muda wa kulipa, na ndugu wawili wa kanisa wanaofanya biashara ya vipuri wamesema wako tayari kuingia naye ubia kwenye mzigo mwingine. Anayetaka kusimama nao, awe na elfu tano au laki tano, aje Alhamisi saa kumi na mbili jioni, chumba cha nyuma, baada ya maombi. Mje na daftari. Na kama unafanya kazi kaunta ya pombe na unatafuta njia ya kutoka, dada anayesimamia akina mama atakuwa pale pale; si lazima uzungumze mbele ya watu.